Ghasia za uchaguzi: Haki huokolewa na rekodi ya siku ya kwanza

SHERIA za Kenya hazina upungufu wa maneno kuhusu haki za raia wakati nchi inapotikiswa na ghasia za uchaguzi. Upungufu umekuwa kwingine: katika kitabu cha matukio ambacho hakikuandikwa, katika maiti iliyozikwa kabla ya kufanyiwa upasuaji, katika bunduki ambayo nambari yake haikunakiliwa sawasawa, na katika shahidi aliyeachwa ajitetee peke yake.

Tangu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007, mahakama za humu nchini na ile ya kimataifa jijini The Hague, Uholanzi, zimeshughulikia kesi kadhaa zilizovuma. Kubwa kati ya hizo ziliporomoka. Hakuna jaji aliyesema kwamba uhalifu haukutendeka. Kilichokosekana ni ushahidi wa kumuunganisha mtu fulani na kitendo fulani, mahali fulani, saa fulani.

Chimbuko la mjadala huu linajulikana. Jioni ya Desemba 30, 2007, mwenyekiti wa iliyokuwa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga. Rais aliapishwa katika Ikulu ya Nairobi muda mfupi baadaye, giza likiingia. Kabla ya mapambazuko, moto ulikuwa umewaka Kisumu, Eldoret, Mombasa na katika mitaa ya mabanda ya Nairobi.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ambayo ilikabidhi ripoti yake Oktoba 15, 2008, ilipata kwamba watu 1,133 waliuawa. Kati yao, 405 walikufa kwa majeraha ya risasi. Mali zaidi ya 117,000 ziliharibiwa, na mamia ya maelfu ya watu wakafurushwa makwao.

Tume hiyo ilitenganisha sura tatu za ghasia: zile zilizozuka zenyewe kwa hasira, zile zilizopangwa na kufadhiliwa, na zile zilizotekelezwa na polisi waliopaswa kuzizima. Utenganisho huo ni muhimu hadi leo, kwa kuwa kila sura ina mhalifu wa aina yake na inadai ushahidi wa aina yake. Kijana aliyerusha jiwe hutambuliwa na jirani. Aliyelipia lori na petroli hutambuliwa kwa simu, risiti na mashahidi wa ndani. Afisa aliyefyatua risasi hutambuliwa kwa daftari la ghala la silaha.

Umwagaji damu ulikoma baada ya Kibaki na Odinga kutia saini Mkataba wa Kitaifa mnamo Februari 28, 2008, chini ya upatanishi wa Kofi Annan akisaidiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa. Swali la nani angewajibika halikukoma hapo.

Haki zisizosimamishwa

Wakati wa ghasia, kauli inayosikika mara nyingi kutoka kwa wakuu wa usalama ni kwamba amani inatangulia, haki zitafuata. Katiba iliyoidhinishwa rasmi Agosti 27, 2010 haikubaliani na kauli hiyo.

Kifungu cha 25 kinataja haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile: kutoteswa wala kutendewa unyama, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na haki ya mtu aliyezuiliwa kufikishwa mbele ya mahakama ili uhalali wa kuzuiliwa kwake uchunguzwe. Haki nyingine, kama vile kukusanyika, kusema na kutembea, zinaweza kuwekewa mipaka. Hata hivyo, Kifungu cha 24 kinataka mipaka hiyo iwekwe na sheria, iwe ya busara na isipite kiwango kinachohitajika. Tamko la waziri katika kikao na wanahabari si sheria.

Hata Rais akitangaza hali ya hatari, mkono wake umefungwa. Kwa mujibu wa Kifungu cha 58, tangazo hilo hudumu kwa siku zisizozidi 14. Kuliongeza mara ya kwanza kunahitaji kuungwa mkono na thuluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa, na nyongeza zinazofuata robo tatu. Mahakama ya Juu ina uwezo wa kuamua iwapo tangazo lenyewe ni halali. Aidha, tangazo hilo haliwezi kutumiwa kuikinga Serikali au afisa yeyote dhidi ya kuwajibikia kitendo kisicho halali.

Ni vyema kukumbuka kwamba katika miezi ile miwili ya 2007 na 2008 hali ya hatari haikutangazwa kamwe. Kwa hivyo, hata chini ya katiba ya zamani, haki za raia zilikuwa zingali zinafanya kazi kisheria siku zote ambazo zilivunjwa. Vivyo hivyo kwa mikataba ya nje: Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na Mkataba wa Afrika kuhusu Haki za Binadamu mwaka 1992. Huu wa pili hauna hata kipengele kinachoruhusu nchi kusimamisha haki kwa kisingizio cha dharura.

Kuhusu maandamano, Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka waandalizi wamjulishe mkuu wa kituo cha polisi kati ya siku 3 na siku 14 kabla ya siku yenyewe. Neno ni kujulisha. Mara nyingi wanasiasa na polisi wenyewe huzungumza kana kwamba huo ni mchakato wa kuomba ruhusa, na kosa hilo dogo la lugha limewahi kugeuza mikutano ya amani kuwa medani za vitoa machozi.

Anayekamatwa katika purukushani ana haki zake pia. Kifungu cha 49 kinataka aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza, awasiliane na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama iwapo muda huo utaisha nje ya saa za kazi. Anayeshtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, hafai kuwekwa rumande. Makosa mengi ya maandamano ni madogo, ila si mengi ya wanaokamatwa wanaojua jambo hilo.

Matumizi ya nguvu yameelezwa kinaganaga katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Afisa anatakiwa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikilazimu, ilingane na uzito wa hali. Bunduki ni ya mwisho, hasa kwa kuokoa maisha au kujikinga dhidi ya kifo na majeraha mabaya, na onyo hutolewa kwanza pale inapowezekana. Anayejeruhiwa apewe matibabu na jamaa zake wajulishwe. Afisa aliyetumia nguvu isivyo halali hawezi kujitetea kwamba alitii tu amri ya mkubwa wake.

Jedwali hilohilo linataka kila afisa mwenye sare avae jina au nambari yake mahali panapoonekana. Pengine hicho ndicho kipengele chepesi kuliko vyote kutimiza, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Mwaka 2024, wakati wa maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Mahakama Kuu ililazimika kutoa agizo la kuwakataza maafisa kuficha utambulisho wao.

Jinsi kesi zilivyoporomoka

Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamekimbilia usalama katika kanisa moja huko Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Hakuna tukio la machafuko yale lililotangazwa duniani kuliko hilo. Washukiwa wanne walishtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu ya Nakuru.

Aprili 2009, Jaji David Maraga aliwaachilia wote wanne. Alikosoa vikali jinsi polisi walivyofanya uchunguzi, akisema ushahidi uliowasilishwa haukutosha kumhukumu mtu. Huyu ndiye Maraga ambaye, akiwa Jaji Mkuu, aliongoza Mahakama ya Juu kufutilia mbali uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017. Mara zote mbili kipimo kilikuwa kimoja, yaani rekodi zilizowekwa mbele ya mahakama. Walalamishi wa 2017 waliweza kudai fomu za matokeo zikaguliwe, ilhali waathiriwa wa Kiambaa walitegemea faili iliyoandaliwa na wengine.

Kesi ya pili ni ya Kisumu. Katikati ya Januari 2008, kamera ya televisheni ilinasa afisa wa polisi akiwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakiandamana mtaani Kondele. Wawili walikufa. Picha hizo zilionyeshwa mara nyingi, na wengi wakaamini kwamba kesi ilikuwa imekwisha kabla haijaanza.

Afisa alishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2010, Mahakama Kuu ilimwachilia. Nambari ya bunduki iliyopimwa na mtaalamu wa silaha haikuwiana na ile iliyorekodiwa kuwa ndiyo aliyokabidhiwa afisa huyo. Tarakimu zilitosha kuitenganisha risasi na mkono uliodaiwa kuifyatua. Daftari la silaha hukaa kituoni, huandikwa na polisi, na huletwa mahakamani na polisi. Hapo ndipo udhaifu ulipo wakati polisi ndiye mshukiwa.

Tume ya Waki ilikuwa imeliona tatizo hilo mapema. Ilipendekeza iundwe mahakama maalumu ya humu nchini yenye wachunguzi wake, na ikafunga majina ya washukiwa wakuu katika bahasha iliyokabidhiwa Annan. Februari 12, 2009, wabunge waliuangusha mswada wa kuunda mahakama hiyo. Julai mwaka huo bahasha ikafika mikononi mwa kiongozi wa mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, Luis Moreno-Ocampo.

Wakenya sita walitajwa Desemba 15, 2010. Mashtaka dhidi ya Henry Kosgey na Mohammed Hussein Ali yalikataliwa na majaji Januari 2012. Yale ya Francis Muthaura yaliondolewa Machi 2013, na yale ya Uhuru Kenyatta Desemba 2014. Aprili 5, 2016, majaji wawili dhidi ya mmoja waliisimamisha kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang bila hata washtakiwa kutakiwa kujitetea. Ifahamike kwamba hawakutangazwa kuwa wasio na hatia. Majaji waliacha mlango wazi kwa mashtaka mapya iwapo ushahidi mpya ungepatikana. Washtakiwa wote walikana mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho.

Kiongozi wa mashtaka wakati huo, Fatou Bensouda, alilalamika kwamba mashahidi walibadilisha kauli, wengine wakajiondoa, na kwamba Serikali ya Kenya haikutoa ushirikiano wa kutosha. ICC ilitoa vibali vya kukamatwa kwa Wakenya watatu waliotuhumiwa kuwahonga mashahidi. Lakini lawama haiwezi kumalizikia Nairobi. Upande wa mashtaka ulifika nchini zaidi ya miaka miwili baada ya ghasia, ukajenga sehemu kubwa ya kesi zake juu ya kumbukumbu za watu badala ya nyaraka. Katika kesi ya mtangazaji, kwa mfano, kilichodaiwa kusemwa redioni kilitegemea pakubwa yale wasikilizaji waliyosema wanayakumbuka.

Nyalenda, 2017

Miaka tisa baadaye palikuwa na taasisi mpya. Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilikuwa imeundwa kwa sheria ya 2011, na kila kituo kinapaswa kuijulisha mara moja iwapo mtu amekufa au kujeruhiwa vibaya mikononi mwa polisi. Mamlaka hiyo huchunguza na kupendekeza. Anayeshtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Usiku wa Agosti 11, 2017, matokeo ya urais yalipotangazwa, polisi waliingia katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu, wakivunja milango. Mtoto wa kike wa miezi sita alipigwa kichwani akiwa nyumbani kwao. Alifariki hospitalini siku chache baadaye.

Mtoto wa miezi sita hawezi kudaiwa kuwa alirusha mawe. Ndiyo maana kisa hiki kilivunja ile desturi ya kumwita kila aliyeuawa mhalifu. Kilichokisogeza mbele, hata hivyo, hakikuwa huruma ya umma. Alifikishwa hospitalini akiwa hai, majeraha yake yakaandikwa na madaktari, maiti yake ikafanyiwa upasuaji, na wazazi wakaeleza waliyoyaona mapema, kabla ya uvumi kuyachafua.

Kikao cha mahakama cha kuchunguza kifo hicho kilikamilika Februari 2019, na hakimu wa Kisumu akapata kwamba makamanda kadhaa walistahili kuwajibika. Oktoba 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alitangaza kwamba maafisa 12 wangeshtakiwa kuhusiana na operesheni za polisi Kisumu mwaka huo wa 2017. Kwa mara ya kwanza, Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008 ilitumiwa kuwafungulia polisi wa Kenya mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu.

Umuhimu wa sheria hiyo ni kwamba inamfikia kamanda. Katika giza, miongoni mwa makumi ya maafisa wenye kofia na ngao zinazofanana, huenda isijulikane daima ni rungu la nani lililompiga nani. Lakini hujulikana ni nani aliyewatuma, ni nani aliyekuwa akiwasiliana nao kwa redio, na ni nani aliyepata habari asichukue hatua. Amri ya operesheni huandikwa.

Saa za kwanza

Kutokana na kesi hizi, wanasheria na madaktari wanaoshughulikia waathiriwa wa ghasia wamejifunza mambo ambayo raia wa kawaida anaweza kuyafanya, au kuyadai yafanywe, hata mji ukiwa unawaka.

Matibabu hutangulia. Hakuna hospitali inayofaa kumkataa majeruhi kwa sababu hana fomu ya polisi. Fomu ya P3, ambayo polisi huianzisha na mhudumu wa afya kuijaza, ni ya kesi wala si ya kitanda. Kinachofaa kuhakikishwa ni kwamba kadi ya matibabu inaonyesha tarehe, saa, mahali jeraha lilipo mwilini na chanzo chake kama mgonjwa alivyokieleza. Idadi ya waliouawa kwa risasi mwaka 2008 ilijulikana kwa kuwa kulikuwa na madaktari waliotofautisha jeraha la risasi na la panga, wakaliandika.

Kituoni, ripoti hunakiliwa katika kitabu cha matukio, maarufu kama OB, na mlalamishi hupewa nambari. Nambari hiyo ni haki yake, si hisani ya afisa wa zamu. Kituo kikikataa kupokea ripoti, pengine kwa kuwa mshukiwa yumo humo humo, mlalamishi anaweza kwenda kituo kingine, kwa IPOA, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR. Kukataliwa kwenyewe kuandikwe: siku, saa, na jina au nambari ya afisa.

Kwa waliodhulumiwa kimapenzi, saa zina maana ya uhai. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na za dharura za kuzuia mimba kabla ya saa 120. Hospitali hujaza fomu ya PRC ya Wizara ya Afya, ambayo baadaye husimama mahakamani kama ushahidi. Nguo zilizovaliwa hazifuliwi. Huwekwa katika karatasi au bahasha ya kaki, kwa sababu mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuozesha ushahidi. Katika machafuko ya 2008, barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe na magogo, na baadhi ya waliodhulumu walikuwa askari. Wanawake wengi walinyamaza mwaka ule, na waliofika hospitalini walikuwa sehemu tu ya walioumizwa.

Palipo na kifo, upasuaji wa maiti ufanywe kabla ya mazishi. Familia ina haki ya kuwakilishwa na daktari wake, na mashirika kama vile IMLU, linalotoa usaidizi wa kitabibu na kisheria kwa waathiriwa wa mateso, huwahi kutuma wataalamu. Hili ni gumu pale ambapo dini inataka maziko ya haraka, au ambapo familia inaogopa kwamba mochari yenyewe inavamiwa. Kufukua maiti baadaye kwa amri ya mahakama kunawezekana, ila ni kwa gharama na uchungu mwingi.

Kuna pia suala la maganda ya risasi. Ni kawaida katika maandamano kumwona kijana akiinua ganda mbele ya kamera za televisheni. Ganda lililookotwa na kupitishwa mikono mitano limekwisha kupoteza thamani yake kubwa mahakamani, kwani hakuna awezaye kuapa lilikotoka. Afadhali lipigwe picha pale lilipoanguka, pamoja na nyumba au kibao kitakachoonyesha mahali, kisha likabidhiwe mchunguzi kwa maandishi. Picha na video zihifadhiwe katika simu iliyozirekodi. Nakala zinazosambazwa mitandaoni hupoteza tarehe na huzua ubishi kuhusu uhalisi wake.

Shahidi naye ahifadhiwe. Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ilipitishwa mwaka 2006 na shirika huru la kuitekeleza likaundwa kufuatia mabadiliko ya 2010, yaani baada ya mashahidi wengi wa 2008 kuwa tayari wametishwa au wamehama. Kwa anayekaa mtaa mmoja na aliyemshambulia, kinga ya karatasi haitoshi.

Vyombo vya habari na ndimi za uchochezi

Jioni ileile ya Desemba 30, 2007, waziri wa Usalama wa Ndani, John Michuki, alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nia iliyotajwa ilikuwa utulivu. Matokeo yalikuwa kwamba ujumbe mfupi wa simu, mwingine wa chuki tupu, ukachukua nafasi ya habari. Miaka kumi baadaye, Januari 30, 2018, Serikali ilizima mitambo ya vituo kadhaa vya televisheni siku Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru. Mahakama Kuu iliagiza virejeshwe hewani, na bado siku kadhaa zikapita kabla ya agizo kutiiwa.

Hata hivyo, uhuru wa kujieleza hauwakingi wachochezi. Kifungu cha 33 cha Katiba kinaondoa katika uhuru huo propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka adhabu ya faini isiyozidi Sh1 milioni au kifungo kisichozidi miaka mitatu kwa matamshi ya chuki. Kesi nyingi chini ya sheria hiyo zimeishia katika kuachiliwa au maridhiano, na kwa mara nyingine kikwazo kimekuwa kanda: nani aliirekodi, ni kamili au imekatwa, na tafsiri ya lugha ya mama imethibitishwa na nani.

Waliohesabiwa na wasiohesabiwa

Waliofurushwa makwao walipata kujua thamani ya kuandikwa kwa njia nyingine. Serikali hatimaye ilitaja idadi ya watu 663,921. Takriban 350,000 walikuwa kambini, katika maeneo kama vile uwanja wa maonyesho wa Eldoret na ule wa Nakuru. Waliosalia walijisitiri kwa jamaa na marafiki au katika vyumba vya kukodi.

Operesheni Rudi Nyumbani ilipoanza Mei 2008, familia zilipewa Sh10,000 za kuanzia maisha na Sh25,000 kwa waliochomewa nyumba. Wa kambini walionekana kwa macho. Waliojisitiri kwa jamaa walihangaika kwa miaka wakijaribu kuthibitisha kwamba nao waliwahi kuwa na shamba, duka au kibanda, ilhali hatimiliki na vitambulisho vyao viliteketea pamoja na nyumba. Sheria ya kuwalinda wakimbizi wa ndani ilipitishwa 2012, wakati ambapo wengi wao walikuwa wamekwisha kukata tamaa.

Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya Serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita na kutangaza hazina ya Sh10 bilioni ya kuwafidia waathiriwa. Waliotarajia kunufaika waliendelea kusubiri kwa miaka.

Wachache hawakusubiri. Mwaka 2013, watu wanane walionusurika dhuluma za kimapenzi wakati wa machafuko ya 2007 na 2008, wakisaidiwa na mashirika ya kutetea haki, waliishtaki Serikali katika Mahakama Kuu kwa kushindwa kuwalinda na kuchunguza waliyotendewa. Majina yao hayakutajwa hadharani. Uamuzi ulitolewa Desemba 10, 2020, siku ambayo ulimwengu huadhimisha haki za binadamu.

Mahakama ilikubali kwamba Serikali hubeba lawama pale mtendaji ni afisa wake, au pale kisa kiliporipotiwa na polisi wakakosa kukichunguza. Wanne kati ya wanane waliingia katika vigezo hivyo, na kila mmoja akatunukiwa fidia ya Sh4 milioni. Wengine wanne waliondoka bila fidia.